Dawa umemeza saa ngapi, usukani umeshika saa ngapi?

Toleo lililopita niliandika juu ya sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, kwa wanaume, nikategemea barua za wake na za akina mama. Za wake zimekuja, lakini nyingi ni za madereva wenyewe. Wengine wameandika kwa kalamu ya kondakta nyuma ya tiketi, wengine wametuma ujumbe mrefu usio na nukta hata moja. Wote wanauliza jambo moja kwa sura tofauti: naweza kumeza dawa hizi nikaendelea na gari?

Kwa mgeni wa safu hii, mimi ni muuguzi mstaafu wa afya ya akili. Nimekaa kliniki miaka thelathini na moja, mingi mkoani Iringa, na ni mjane wa dereva wa lori. Kwa hiyo nimewaona madereva kotekote, kwenye benchi la wagonjwa na kwenye meza ya chakula. Majina nimeyaficha na barua nimezipunguza.

*

Shikamoo mama. Mume wangu anaendesha basi la Dar kwenda Mbeya. Mwaka juzi walipata ajali, yeye akatoka mzima lakini kondakta wake alimfia mikononi. Tangu siku hiyo usingizi ulimkimbia. Alikuwa anakaa sebuleni, taa imezimwa, mpaka adhana ya alfajiri. Nilimbembeleza miezi minne ndipo akakubali kwenda kliniki. Wakasema ni sonona, akapewa amitriptilini za miligramu 25, vidonge viwili usiku. Sasa analala, tunashukuru. Shida ni siku za safari. Anameza saa nne usiku, anaamka saa tisa na nusu, saa kumi na moja basi linatoka stendi ya Mbezi. Mwenzake ameninong'oneza kwamba wakikaribia Chalinze anaanza kujipiga makofi na kujimwagia maji usoni. Juzi nimegundua siku hizi anazimeza siku za mapumziko tu, za safari anaziacha. Nikimwambia aongee na tajiri anajibu, "Wakijua nakunywa dawa za vichaa, kesho usukani anapewa deiwaka, dereva wa kibarua." Nifanyeje?
Mke wa dereva, Kibamba

Marahaba mwanangu. Pole kwa yaliyowapata, na ya kwake mfikishie.

Nianze na hili la kumeza siku za mapumziko, maana ndilo baya kuliko yote, na madereva wengi hulifanya wakidhani ni busara. Amitriptilini si Panadol, kwamba kichwa kikiuma unameza na kikipoa unaacha. Kazi yake juu ya sonona hujijenga polepole, wiki mbili, tatu, hata nne na zaidi, kila siku bila kuruka. Usingizi wake ndio unakuja siku ya kwanza. Yaani unaanza kulipa kabla hujapokea mzigo. Mwili ukishaizoea, ule uzito wa asubuhi hupungua, wengine huisha kabisa. Sasa mtu anayemeza siku mbili akaacha nne, kila akianza tena ni siku yake ya kwanza. Usingizi anaupata wote, nafuu haipati. Na hizo siku anazoacha ndizo anazoshika roho za watu hamsini akiwa hajalala, kwa sababu usiku huo dawa haikumlaza.

Tupige hesabu ya saa, akimeza usiku wa kuamkia safari. Kutoka saa nne usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri ni saa saba. Dawa hii haina haraka ya kuondoka: nusu yake hutoka damuni baada ya saa kumi hadi ishirini na nane, kutegemea mtu. Kwa hiyo anapowasha injini pale Mbezi, zaidi ya nusu ya alichomeza jana bado anacho. Juu ya hapo amelala saa tano na nusu tu. Kwa saa hizo hata asiyemeza kitu angepiga miayo kabla ya Mlandizi.

Na kuna kitu ambacho makofi na maji hayakitibu. Basi likienda kilomita 80 kwa saa, linakula mita 22 kila sekunde. Dereva akichelewa nusu sekunde tu kukanyaga breki, limeshapita mita 11 zaidi, karibu urefu wa basi lenyewe. Nusu sekunde ni kitu gani? Ni kupepesa macho kivivu. Pale Mikumi barabara inakatiza ndani ya hifadhi kiasi cha kilomita 50, na mita 11 ndizo zinazoamua kama nyati utamsimulia au utamgonga. Kitonga sina haja ya kukueleza. Marehemu mume wangu alikuwa akifika chini ya mlima anazima redio, anafungua kioo na hataki kusemeshwa mpaka afike juu. Siku aliyopanda huku anazungumza nilijua hayuko sawa.

Lakini usije ukasema basi bora aziache kabisa. Sonona isiyotibiwa nayo inashika usukani. Mgonjwa wangu mmoja, dereva wa daladala, aliniambia alikuwa anafika kituo cha mwisho asikumbuke amepita wapi, na kondakta akigonga bodi ndipo anashtuka. Wakati huo alikuwa hajameza hata kidonge kimoja. Mtu wa sonona anaangalia bila kuona, anaamua polepole, akiovateki anasita katikati. Wenye kuona tena ajali iliyopita nao wana lao: breki za lori zikilia nyuma ya mtu kama mumeo, anarudi palepale kondakta alipokufa, kwa sekunde moja hayupo barabarani. Dawa ndiyo inayompunguzia hayo. Tatizo lenu ni saa ya kumeza, aina ya dawa, na ukimya.

Rudini kliniki, wewe na yeye, mkiwa na bahasha ya dawa mkononi. Aseme sentensi hii kabla hajaketi vizuri: "Mimi ni dereva wa basi, naondoka saa kumi na moja alfajiri." Utashangaa. Nimefanya kazi na matabibu wazuri sana ambao walikuwa hawaulizi kazi ya mgonjwa, na nilipokuwa kijana nami sikuuliza. Foleni ndefu, watu sabini, tabibu mmoja. Anaandika "2 usiku" na kumwita anayefuata. Akijua saa za safari, ana njia. Anaweza kumwambia ameze mapema, saa moja jioni badala ya saa nne, na alale mapema. Anaweza kupunguza dozi na kuipandisha kidogokidogo. Anaweza kumhamishia dawa isiyolaza, kama fluoksetini, ambayo huliwa asubuhi. Hiyo nayo siku za mwanzo humtia mtu wasiwasi na kukosa usingizi, kwa hiyo si ya kumeza leo na kushika gari kesho. Haya anayapanga tabibu. Wewe usimpunguzie kidonge kimoja kwa kisu jikoni, ninawajua.

Kuhusu tajiri. Amwombe tabibu karatasi ya mapumziko ya wiki mbili za mwanzo wa mpango mpya. Karatasi hiyo haina haja ya kutaja ugonjwa. Inatosha iseme anatumia dawa inayoleta usingizi na asiendeshe mpaka tarehe fulani. Ni siri yake, na mhudumu wa afya haruhusiwi kuitoa kwa tajiri. Mwenye basi mwenye akili akisoma hapo ataona faida yake: basi jipya linagharimu mamilioni mangapi? Asiye na akili anaweza kumpa deiwaka usukani, siwezi kukudanganya, na nimeona wakifanya hivyo. Lakini mkumbushe mumeo kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimkamati mtu kwa kuwa na sonona. Inamkamata aliyeshika usukani akiwa hawezi kulimudu gari kwa sababu ya pombe au dawa, na bahasha ya hospitali haitamsaidia kujitetea akishalala kwenye usukani.

Kitu kimoja zaidi. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku, mwaka 2023, wapo wanaobadilishwa zamu bila taarifa. Akipangiwa usiku, hesabu yote niliyofanya hapo juu inapinduka kichwa chini. Arudi kliniki kabla ya safari hiyo ya kwanza. Na bia moja ya "kushusha uchovu" akifika Mbeya, asahau. Dawa hii na pombe hazijumlishwi, zinazidishwa.

*

Shikamoo bibi. Mimi ni bodaboda, Igoma, Mwanza, nina miaka 23. Mwezi wa tatu nilichanganyikiwa, nikawa nasikia watu wananijadili, nikapelekwa hospitali. Wakanipa haloperidoli. Siku ya tatu macho yalipanda juu yakakwama, shingo ikapinda, mama akaita watu wa maombi. Baadaye hospitali wakaniongezea Artane, nikapoa. Sauti zimeisha. Nimerudi kijiweni wiki hii lakini mkono wa breki mzito, na usiku taa za magari zinanichoma macho, meseji za simu nazisoma kwa shida. Mwenye pikipiki anataka hesabu yake kila jioni. Niache Artane?
Kijana wa Igoma

Marahaba mjukuu wangu. Umenifurahisha kwa kueleza vizuri hivyo, maana kila ulichotaja kina sababu.

Ile ya macho kupanda na shingo kupinda ni haloperidoli yenyewe. Huwapata zaidi vijana wa kiume, tena siku chache za mwanzo. Nimeona familia zikikimbiza mtu kwa mganga wakati sindano moja ingemlegeza ndani ya nusu saa. Wamwombee, sawa, wakiwa ndani ya bajaji ya kwenda hospitali. Sasa jifikirie ungekuwa na abiria, mteremko, macho yanatazama mbinguni. Ndiyo maana dozi ikianza au ikiongezwa, pikipiki hulala ndani.

Mkono mzito nao ni wa haloperidoli. Inakaza misuli na kuchelewesha mwendo. Jitazame: ukitembea, mikono yako inapepea au imekaa kama ya askari gwarideni? Ukiandika jina lako, herufi zinazidi kuwa ndogo? Ukijibu ndiyo, mwambie muuguzi.

Artane inalegeza huo ukakamavu lakini ina gharama yake. Inapanua mboni ya jicho, kwa hiyo taa za full za lori zinaingia zote, na inalegeza jicho lisiweze kusoma kilicho karibu. Hakuna miwani ya kijiweni itakayokusaidia hapo. Ukiiacha ghafla macho yanaweza kupata nafuu na shingo ikarudi kule. Usiiache mwenyewe. Kaombe wakupimie upya zote mbili. Pengine haloperidoli inatosha nusu, na Artane haihitajiki tena baada ya miezi michache, au kuna dawa nyingine ya kubadilisha. Wakikuhamishia sindano ya mwezi, siku za kwanza baada ya kuchomwa zihesabu kama siku za mwanzo wa dawa.

Je, uendeshe? Nitakwambia ninavyowaambia wanangu. Uingereza, mamlaka ya leseni inamtaka aliyepata maradhi ya kuchanganyikiwa akae miezi mitatu akiwa mzima na ametulia ndipo arudishwe kwenye gari dogo au pikipiki, na miezi kumi na miwili kwa basi na lori. Huko mtu ana posho ya serikali akikaa nyumbani, hapa una hesabu ya jioni. Najua. Hata hivyo bodaboda mimi namweka karibu na dereva wa basi kuliko na mwenye gari lake, kwa sababu abiria wake amekaa hewani, hana hata bodi ya kumkinga. Kwa sasa usibebe mtu. Kama kuna kazi ya kuosha pikipiki, kubandika viraka, kukaa dukani kwa mjomba, ichukue kwa miezi hii. Siku ukitaka kujaribu, jaribu mchana uwanjani: simama hatua ishirini na tano kutoka kwenye pikipiki, soma namba yake. Kisha mwambie mwenzako aangushe rula ukiwa umetega vidole, uidake. Ukiikosa mara tatu umejijibu, na mimi sijakukataza.

*

Salaam aleikum. Naendesha trela Mombasa hadi Malaba. Njiani natafuna miraa ili nisilale, nikifika nalala na Valium moja, wakati mwingine mbili, nazipata duka la dawa bila maswali. Asubuhi naamka sijambo kabisa. Rafiki yangu anasema nitakufa. Mimi naona mbona niko sawa miaka mitatu?
Dereva, Changamwe

Waaleikum salaam. Ngoja nikusimulie aibu yangu, ambayo hata wanangu waliijua baadaye sana.

Mume wangu alipofariki nilikaa siku tisa bila usingizi wa maana. Mimi, muuguzi wa akili, nikajichukulia diazepamu za miligramu 5, jina la dukani ndilo hilo Valium. Usiku wa kwanza moja, wa pili mbili. Asubuhi ya tatu nikavaa sare, nikajitazama kwenye kioo, nikajiona mzima kuliko wiki nzima iliyopita. Nikawasha gari letu dogo saa moja kasoro. Mita mia tatu hivi kabla ya geti la kazini kuna mama alikuwa anauza dagaa, ndoo ya bluu, kibao cha kupimia. Nilimwona. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo, nilimwona vizuri, na nikaona gari linamwendea, na mguu wangu ukawa unafikiria. Aliruka. Ndoo haikuruka. Nilisikia plastiki ikipasuka chini ya tairi, na dagaa wakamwagika barabarani wakimetameta kama misumari. Yule mama hakunitukana. Alinisogelea dirishani, akanitazama machoni, akasema, "Dada, wewe umelala." Nililipa ndoo na dagaa. Sikushika gari wiki tatu.

Ndiyo tabia ya diazepamu: kinachokwambia kama uko sawa ndicho inachokilewesha kwanza. Ushahidi wako wa "naamka sijambo" umetolewa na shahidi aliyelewa. Nayo hukaa. Nusu ya ulichomeza huchukua siku moja hadi mbili kutoka, na inapovunjwa mwilini huzaa kitu kingine cha kulaza kinachokaa zaidi ya hapo. Kidonge cha Jumatatu unakutana nacho Jumatano huko Salgaa, na wewe umeshaongeza cha Jumanne. Miraa haifuti usingizi huo, inauvisha koti. Ikishuka, usingizi unakuja wote kwa mkupuo, mara nyingi karibu na alfajiri, saa ambazo hata mwili usio na kitu unataka kulala.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana wanaume mna tabia ya kusoma barua kama hii na kutupa vidonge dirishani. Miaka mitatu ni mingi. Ukikata ghafla unaweza kupata mtetemo, wasiwasi, hata kifafa, na kifafa ukiwa kwenye trela ni msiba wa watu wengi. Nenda hospitali, sema ukweli wote pamoja na miraa, wakupunguzie hatua kwa hatua. Na ukae bila trela wakati huo. Hao wa duka la dawa wasiouliza maswali, mimi nao nina maneno nao, lakini si ya kuandika gazetini.

*

Mama, hizi habari zako za dawa za akili hazinihusu. Mimi nina akili zangu, mafua tu hunipata nikiendesha Dodoma–Singida, nameza Piriton mbili nasonga.
Msomaji wa Manyoni

Unahusika, baba. Piriton inalaza. Haijali kama una akili zako. Sharubati nyingi za kikohozi zina ndugu zake ndani, na fenobabitali ya kifafa na kabamazepini nazo zina kizunguzungu chao, hasa dozi ikipanda. Kabamazepini inaweza hata kukuonyesha magari mawili mahali lilipo moja. Muulize muuza dawa akupe ya mafua isiyolaza. Na barabara ya Manyoni imenyooka mno, hiyo peke yake ni dawa ya usingizi.

*

Shikamoo dada. Mwanangu wa kwanza ana miaka 28, ana ugonjwa wa kupanda na kushuka, wanauita bipola. Akiwa vizuri ni dereva mzuri kuliko baba yake. Ila akianza kupanda, wa kwanza kujua ni funguo za gari letu, Noah. Mara ya mwisho aliamka saa nane usiku, akasema anakwenda Arusha kununua ng'ombe arobaini. Alikamatwa Hedaru kwa mwendo kasi, namshukuru Mungu aliyemkamatisha. Sasa ametulia miezi mitano, anatumia dawa, anauliza lini atapewa gari. Baba yake anasema kamwe. Mimi nasema nini?
Mama wa Muheza

Marahaba mdogo wangu, na baba mtu naye nisalimie.

"Kamwe" ya baba yake naielewa lakini siipendi. Kijana akishajua kwamba atumie dawa asitumie gari hapewi, sababu moja ya kutumia dawa imekufa. Miezi mitano ya utulivu kwa gari la nyumbani ni mingi, kwa wengi inatosha, mradi kliniki wamekubali na haoni usingizi wala kizunguzungu cha dawa. Kama alishapanda mara nne au zaidi ndani ya mwaka mmoja, mngoje zaidi, nusu mwaka hivi. Mwanzoni awe na mtu pembeni, mchana, Muheza hadi Tanga na kurudi. Kusafirisha abiria au lori la watu, bado.

Jambo kubwa la kufanya sasa, wakati ametulia, ni kukaa naye na daftari la kawaida la shule. Mwulize yeye mwenyewe: ukianza kupanda, sisi tunaona nini kwanza? Wanajua. Mmoja aliniambia, "Nikianza kusalimia watu nisiowajua kwenye redio." Kwa wengi ni usingizi: analala kwa saa mbili tu, anaamka amechangamka, hachoki, siku mbili mfululizo. Muandike dalili tatu kwa mwandiko wake. Chini yake aandike kwamba zikionekana mbili, funguo anazipeleka yeye kwa mtu fulani mliyemkubali wote, na asubuhi yake mnakwenda kliniki. Asaini, msaini. Siku akiwa juu atakataa saini yake, hilo lijue. Lakini mimi nimeona daftari hilo likifanya kazi mahali maneno ya baba yameshindwa, kwa sababu anayeamuru mle ndani ni yeye.

Hapo kwenye "mtu fulani" chagueni nje ya nyumba. Shangazi, jirani, katibu wa msikiti au kanisa, mtu asiyebembelezeka. Funguo za akiba nazo zihame pamoja na zile nyingine. Akina mama wengi wanakumbuka za mlangoni wanasahau za akiba. Na usizifiche kwenye pipa la unga. Huko ndiko wote wanakoanza kutafuta.